Uzi: Bata pete, mzamiaji kutoka Amerika Kaskazini, ametua kwenye bwawa la Somerset

#1 Mchungulia Bwawa (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naandika vidole vikiwa bado havijapata moto vizuri, lakini nikisubiri nitasahau vitu vidogo vidogo, na kwenye ndege vitu vidogo ndivyo vyenye maana.

Nipo Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kuna bwawa la maji ya kunywa ambalo nimelizunguka kila mwisho wa wiki kwa miaka minne sasa. Kila baridi linajaa bata wazamiaji, hasa bata shungi. Kwa wageni wa jukwaa: bata wazamiaji ni wale wanaotumbukia mzimamzima chini ya maji kutafuta chakula, tofauti na wale wanaoinamisha kichwa tu wakaacha mkia hewani. Leo asubuhi nilikuwa nawahesabu shungi, kazi inayochosha macho maana huyu anazama wakati yule anaibuka. Nilipopita mia moja na arobaini, nikaacha kuhesabu.

Kulikuwa na dume mmoja, mgongo mweusi na kidari cheusi kama wenzake. Lakini kichwa si cha shungi. Shungi ana kichwa cha mviringo na kishungi kinachoning'inia kisogoni. Huyu hana kishungi kabisa, ila utosi wake umeinuka kwa nyuma ukafanya kilele, halafu kisogo kikashuka ghafla. Mdomo una mkanda mweupe karibu na ncha nyeusi, na mstari mwingine mwembamba mweupe pale mdomo unapokutana na uso. Mbavu ni za kijivu, si nyeupe pee kama za shungi. Na mbele ya ubavu, pale unapopakana na kidari, kuna kabari nyeupe iliyosimama kama kidole kinachoonyesha juu. Shungi wote wale waligeuka mbele yangu, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye kidole hicho.

Wakuu, ni bata pete. Aythya collaris. Nitamwita bata pete katika uzi huu kwa kufuata jina lake la kisayansi, kwa sababu collaris ni habari ya shingo, na pete inayosemwa ni ya shingoni. Kwao ni Amerika Kaskazini: anatagia kwenye vidimbwi na maziwa madogo ya misitu ya Kanada, Alaska na majimbo ya kaskazini ya Marekani, na wakati wa baridi anashuka kusini mwa Marekani, Meksiko, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Huyu wangu badala ya kushuka kusini amevuka bahari ya Atlantiki.

Nilisimama pale saa mbili unusu nzima. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kuhakikisha kabla sijampelekea taarifa mtunza kumbukumbu za ndege wa kaunti.

#2 Shomoro wa Darini

Hongera sana mkuu. Naweka kambi hapa.

Ila nina swali la mtu asiyejua. Umetaja mdomo, kichwa, ubavu, mgongo. Pete ya shingoni yenyewe mbona hujaitaja? Si ndiyo iliyompa jina?

#3 Mchungulia Bwawa (mleta uzi)

Shomoro, swali zuri na jibu lake ni refu kidogo.

Pete ipo, ila sikuiona, na watu wengi wanaomtazama bata huyu miaka nenda rudi hawaioni. Ni mkanda wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, umezunguka shingo katikati ya kichwa cheusi chenye mng'ao wa zambarau na kidari cheusi. Mpaka jua limpige sawasawa naye awe amenyoosha shingo ndipo unaiona. Inayoonekana mbali ni ile mikanda ya mdomoni, na ndiyo maana wawindaji wa Marekani wamezoea kumwita kwa mdomo wake, si kwa shingo.

Sasa kwa nini akaitwa kwa kitu kisichoonekana? Kwa sababu aliyempa jina hakumwona akiogelea. Alimshika mkononi, amekufa. Na hapa ndipo penye kisa kinachonifanya nimpende bata huyu kuliko wageni wengine wote.

Januari 1801, bata dume alinunuliwa Leadenhall Market, London, soko lililokuwa maarufu kwa nyama na ndege. Ilielezwa kwamba alikamatwa Lincolnshire. Edward Donovan, aliyekuwa anaandika kitabu chake juu ya ndege wa Uingereza, akamchora na kumpa jina mwaka 1809: Anas collaris. Bata mzima wa Amerika, anayejaa huko kwao, akaingia kwenye sayansi kupitia mmoja aliyepotea ng'ambo ya bahari na kuishia kwenye meza ya muuza ndege. Hata leo, ukitazama mahali panapotajwa kuwa ndipo mfano wa kwanza wa aina hii ulipotoka, utakuta Lincolnshire, Uingereza.

Na kuna mtu alikuwa amemtangulia. Meriwether Lewis, yule wa msafara wa Lewis na Clark uliovuka Amerika Kaskazini hadi bahari ya Pasifiki, alimwelezea bata huyu kwenye shajara yake tarehe 28 Machi 1806, wakiwa Deer Island kwenye mto Columbia, akaona kwamba ni aina ya peke yake. Lakini kwenye kutoa majina hesabu huanza siku ya kuchapishwa, na shajara ilikuwa bado mkobani. Donovan akawahi.

#4 Korongo Mzee

Mleta uzi, hongera, na pole kwa baridi. Maelezo yako ni mazuri kuliko mengi ninayoyasoma. Hata hivyo nitakuwa mgumu kidogo, kwa faida yako, kwa sababu mtunza kumbukumbu atakuwa mgumu zaidi yangu.

Kwanza, chotara. Bata wa kundi la Aythya wanachanganyika wao kwa wao kuliko watu wanavyodhani. Shungi akizaa na bata pete, mtoto anaweza kukupa kichwa chenye kilele, mdomo wenye mkanda, hata dalili ya kabari ubavuni. Kinachomfichua ni vitu viwili. Kimoja ni kisogo: chotara huwa na kinundu, kishungi kilichokatishwa. Cha pili ni bawa. Shungi akiruka utaona mstari mweupe unaong'aa kutoka karibu na mwili hadi mbali kuelekea ncha ya bawa. Bata pete mstari wake ni wa kijivu. Chotara anakaa katikati. Wewe umemwona akiogelea tu. Umemwona akiruka?

Pili, mtoro. Uingereza wapo watu wengi wanaofuga bata wa kigeni kwenye vidimbwi. Je, umeiona miguu yake? Ana pete ya plastiki? Mabawa yote mawili ni mazima, au moja limekatwa ncha kama wanavyofanya wafugaji ili bata asiruke? Anakimbia watu au anasogelea?

Sisemi kwamba umekosea. Nasema kwamba kati ya "nimemwona" na "amekubaliwa" kuna maji mengi.

#5 Mchungulia Bwawa (mleta uzi)

Mzee Korongo, shikamoo, na asante. Bawa sijaliona. Hakuruka hata mara moja. Alijitandaza mara moja baada ya kuoga, akapiga mabawa mara mbili tatu, nami nilikuwa nafuta kioo cha darubini. Nimejilaumu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Miguu vivyo hivyo, ilikuwa majini muda wote. Kuhusu watu: mtu alipopita na mbwa kwenye ukingo, shungi waliokuwa karibu walisogea, naye akasogea nao, tena akatangulia. Nitarudi kesho kabla ya jua kutoka.

#6 Binti wa Mtoni

Jamani mimi naomba nieleweshwe jambo la msingi. Bata huyu ana uzito gani? Anavukaje bahari nzima bila kutua? Au anatua juu ya maji anapumzika halafu anaendelea, si ni bata?

#7 Korongo Mzee

Marahaba mleta uzi, tutasubiri hilo bawa.

Binti yangu wa Mtoni, bata pete ni mdogo. Urefu wake kama sentimita 40 na ushee, na uzito kwa wengi ni kati ya nusu kilo na kilo pungufu. Kutoka Newfoundland hadi Ireland ni kama kilomita 3,000. Bata anayejitahidi huruka kilomita 70 au 80 kwa saa penye hewa tulivu. Sasa mwekee upepo wa nyuma. Kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati bata wa mashariki mwa Kanada wanaposhuka kusini, ndio wakati ambao mifumo ya dhoruba inafuatana kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki. Bata akiondoka pwani usiku, akanaswa na upepo mkali unaomsukuma kuelekea baharini, kurudi nyuma kunamgharimu kuliko kwenda mbele. Upepo ukimwongezea kilomita 30 au 40 kila saa, safari hiyo ni ya siku moja na robo hivi. Ni ngumu, na bila shaka wengi wanafia njiani ambako hakuna wa kuwahesabu. Lakini inawezekana.

Kuhusu kutua: ni kweli bata anaweza kukaa juu ya maji, tofauti na ndege wadogo wa msituni ambao wakigusa bahari wamekwisha. Ila mawimbi ya Atlantiki wakati wa dhoruba si mahali pa kupumzikia kiumbe wa vidimbwi, tena asiyepata cha kula pale kwa sababu chini yake kuna kilomita kadhaa za maji. Bata huyu amezoea kuzama mita moja, mbili.

Na usidhani tunakisia. Septemba 1967 bata pete alifungwa pete ya mguuni New Brunswick, Kanada. Desemba ya mwaka huohuo alipigwa risasi Anglesey, kisiwa cha Wales. Pete ikasomwa, ikarudishwa, na mabishano juu ya kama kweli wanavuka wenyewe yakaisha siku hiyo.

#8 Shomoro wa Darini

Kwa hiyo pete ya shingoni ndiyo iliyompa jina wala haionekani, na ya mguuni, aliyovishwa na mtu, ndiyo iliyomtolea ushahidi. Huu uzi umenikamata.

Mzee, sasa yule wa sokoni wa 1801 anahesabiwa kuwa wa kwanza Uingereza?

#9 Korongo Mzee

Hapana. Jina lake limebaki, rekodi yake haikubaki. Shahidi wa kwamba alitoka Lincolnshire ni soko, na soko husema kinachouza. Anayehesabiwa kuwa wa kwanza ni dume aliyeonekana Slimbridge, Gloucestershire, Machi 1955, siku chache tu. Slimbridge ndipo Peter Scott alipoanzisha kituo chake cha ndege wa majini mwaka 1946, kwa hiyo alitua mbele ya macho ya watu waliowajua bata kuliko karibu wote nchini. Zaidi ya miaka 150 kati ya wa sokoni na wa Slimbridge!

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Miaka ya 1970 walianza kuonekana kila mwaka, wakaongezeka, na kufikia miaka ya 1990 kamati ya taifa ya ndege adimu ikaacha kuchambua kila taarifa yake kwa sababu hakuwa adimu tena kiasi hicho. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kaunti, ndiyo maana nimemwambia mleta uzi ajiandae na maswali ya mtu wa kaunti.

Sababu ya kuongezeka si darubini bora peke yake. Huko kwao bata pete alikuwa zaidi ndege wa magharibi na katikati ya bara. Kuanzia miaka ya 1930 akaanza kuenea na kutagia mashariki, Maine, New Brunswick na kuendelea. Bata waliohamia jirani na Atlantiki ndio ambao dhoruba inaweza kuwachukua.

#10 Ng'ambo ya Pili

Wakuu, nimesoma kimya kimya lakini hapa lazima nichangie. Mimi naishi St. John's, Newfoundland, yaani ule upande mzee Korongo anaouita mwanzo wa safari. Huku hadithi hii imegeuzwa. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kumwona bata shungi!

Hapa mjini kuna Quidi Vidi Lake. Wakati wa baridi maji mengine yakiganda, bata wanabanana pale kwenye sehemu iliyobaki wazi, na kati yao wapo shungi, makumi kwa makumi. Inaaminika wanatoka Iceland, ambako wanatagia kwa wingi. Mgeni kutoka Toronto au Boston akifika anashika kichwa kwa furaha, anapiga picha mia mbili za shungi mmoja, wakati mleta uzi anawahesabu huko Somerset mpaka macho yanauma kumtafuta bata wetu. Sisi bata pete tunao majira ya joto kwenye vidimbwi vya msituni, dume na jike na vifaranga wao, na watu wanapita bila kusimama.

Najiuliza kama huwa wanapishana hewani.

#11 Mchungulia Bwawa (mleta uzi)

Ng'ambo, umenipa kitu cha kufikiria usiku wa leo. Tafadhali nisimulie wakiwa nyumbani kwao wanakaaje, maana mimi nimemwona mmoja tu, mgeni kati ya wageni.

#12 Ng'ambo ya Pili

Kwao anapenda maji yaliyofungwa na miti, ya kina kifupi, yenye mimea mingi. Hutamkuta sana kwenye ziwa kubwa la wazi kama wenzake wa kundi la Aythya. Anakula mbegu, mizizi na majani ya mimea ya majini, pamoja na konokono na wadudu wa majini, hasa jike wakati wa kutaga na vifaranga wanapokua. Kiota kinawekwa juu ya maji kabisa au ukingoni, kwenye majani yanayoelea au kichaka cha tope, mayai nane hadi kumi hivi.

Kitu kimoja kitakachokusaidia bwawani: bata wazamiaji wengi lazima wakimbie juu ya maji kwanza ndipo wainuke, unasikia miguu inapiga pa-pa-pa. Bata pete anaweza kuinuka moja kwa moja kutoka majini, karibu kama bata wa kawaida. Kuishi kwenye vidimbwi vilivyozungukwa na miti kunahitaji hivyo. Kwa hiyo shungi wakishtuka, mtazame yule anayeinuka kabla ya wenzake.

#13 Mama wa Darubini

Samahani kwa kuingilia kati, lakini mbona mazungumzo yote ni ya dume? Nimetazama bata Uingereza kwa miaka kumi na moja na nimekuta bata pete watatu, wawili majike, na wale majike wawili niliwakuta kwa sababu nilikuwa nawatafuta. Wanaume wengi kwenye vibanda vya kutazamia wakiona bata wa kahawia wanamruka.

Jike hana kabari nyeupe iliyokolea wala weusi. Tazama kichwa: kile kilele cha nyuma anacho, ingawa kimelainika. Tazama jicho: lina duara jeupe kulizunguka, na kutoka kwenye duara mstari mwembamba wa weupe unaelekea nyuma, kama aliyepaka wanja mweupe ukamponyoka kidogo. Jicho lenyewe ni la kahawia, wakati shungi jike jicho lake ni la manjano. Eneo la uso karibu na mdomo limefifia rangi, na mdomo una mkanda hafifu kabla ya ncha. Ukiona hivyo kwenye kundi la shungi wa kahawia, usiondoke.

Rekodi za madume ni nyingi kuliko za majike, na mimi siamini kwamba tofauti yote ni ya bata. Sehemu yake ni ya watazamaji. Kwa hiyo kesho, mleta uzi, ukimaliza na bawa la huyo bwana, tafadhali pitia na majike wote waliomzunguka.

#14 Binti wa Mtoni

Mama, nimekuelewa hata bila picha. Mstari wa wanja!

Swali la mwisho nisiwachoshe. Huyu akishafika Uingereza ndiyo basi? Hawezi kurudi kwao?

#15 Korongo Mzee

Hujachosha. Wapo wanaojaribu. Machi 1977 bata pete dume alifungwa pete Slimbridge, na Mei ya mwaka huohuo alipigwa risasi kusini-mashariki mwa Greenland. Huyo alikuwa anaelekea kaskazini-magharibi, upande wa nyumbani. Angefika au asingefika hatuwezi kumuuliza, lakini uelekeo wake unaniambia kitu.

Wengi, naona, hawafiki huko. Bata wa aina hii husafiri kwa makundi na mgeni anajiunga na kundi analolikuta. Amekuta shungi, basi shungi ndio jamaa zake. Shungi wakienda kaskazini kutagia, anakwenda nao, Iceland au Skandinavia au Urusi, na wakirudi anarudi nao. Ndiyo sababu dume mmoja anaweza kuonekana kwenye bwawa lilelile miaka kadhaa mfululizo, karibu wiki ileile. Ndiyo sababu pia hesabu za taifa zinahitaji uangalifu: rekodi kumi za miaka kumi huenda ni bata watatu. Na ndiyo chanzo cha machotara, maana akikosa wa kwao anachumbia kwa waliopo.

#16 Mvuvi Mstaafu

Nachangia la huzuni kidogo kwa sababu mmetaja risasi mara mbili. Bata hawa huzama na kuchuja tope la chini wakitafuta mbegu. Kwa miaka mingi kwenye tope hilo kulikuwa na marisau ya madini ya risasi yaliyodondoka kutoka kwenye bunduki za wawindaji, na bata huyameza akidhani ni mbegu au changarawe za kusagia chakula. Firigisi inasaga, sumu inaingia mwilini, bata anadhoofika hadi kufa. Bata pete alikuwa mmoja wa walioathirika sana, kwa namna anavyokula. Marekani walikamilisha kupiga marufuku marisau hayo kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, Kanada na England mwaka 1999.

Bata anayeweza kuvuka Atlantiki akauawa na punje iliyolala kwenye tope tangu kabla hajazaliwa. Huwa naliwaza hilo kila nikiona bata anazama.

#17 Mchungulia Bwawa (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi.

Nilifika bado giza. Barafu ilikuwa imeshika kingo zote za bwawa, katikati maji wazi, ukungu umelala juu. Nilisubiri karibu saa nzima nikisikia bata bila kuwaona. Jua lilipotoka ukungu ukaanza kupanda vipande vipande na nikaanza kupitia shungi mmoja mmoja. Mama wa Darubini, majike niliwapitia wote niliowafikia, kila jicho. Yalikuwa ya manjano. Nitaendelea kutafuta.

Yeye nilimkuta pembeni kabisa, kwenye ghuba ndogo yenye miti, maji mafupi, kama alivyosema Ng'ambo. Alikuwa anazama na kuibuka na majani mdomoni. Jua lilikuwa nyuma yangu. Kuna wakati alinyoosha shingo kumtazama kozi aliyepita juu, na kwa sekunde mbili, labda tatu, niliiona pete. Hudhurungi, nyembamba, imezunguka shingo yote. Shomoro, ipo.

Kisha kozi akageuka, bwawa zima likainuka. Nilisikia miguu ya shungi inapiga maji, pa-pa-pa, na yeye tayari alikuwa hewani juu yao. Nilimshika kwenye darubini akipinda kushoto, bawa zima limefunguka mbele yangu: mstari wa kijivu. Kijivu kabisa, na kwenye mstari huohuo wa macho kulikuwa na shungi watatu wenye weupe wa kung'aa, kwa hiyo si mwanga uliokuwa unanidanganya. Mabawa yote mawili mazima, ncha kwa ncha. Kisogo kimeshuka safi, hakuna kinundu. Miguu niliiona alipokuwa anatua upya, aliinyoosha mbele: haina pete yoyote.

Nimeandika yote papo hapo, nimechora hata kama mkono ulikuwa unatetemeka, na taarifa nimeshaituma kwa mtunza kumbukumbu wa kaunti.

#18 Korongo Mzee

Kijivu, kisogo safi, mabawa mazima, miguu mitupu, na anamkimbia kozi. Mimi sina swali tena. Hongera, mwanangu.

#19 Ng'ambo ya Pili

Msalimie. Huku vidimbwi vyake vimeganda vyote.

#20 Mchungulia Bwawa (mleta uzi)

Taarifa fupi kwa waliouliza kwa ujumbe wa pembeni kama bado yupo: leo Jumatano barafu imefunika zaidi ya nusu ya bwawa. Shungi wamepungua, nimehesabu sitini na wawili tu, wengine nadhani wamesogea kwenye maji yasiyoganda. Yeye sikumwona. Mtunza kumbukumbu amejibu, ameomba mchoro wa bawa na saa kamili niliyomwona akiruka, nimempelekea. Jumamosi nitaanza na ile ghuba ndogo yenye miti.